Huwezi Kujitazama Mwenyewe

Jumatatu, 6 Februari

Leo nimeanza mazoezi ya kutazama. Jina lenyewe tu linanichanganya – mazoezi ya kutazama! Nani hajui kutazama? Lakini chuo chetu cha jamii kinasema huwezi kuvuka kwenda chuo kikuu kumalizia ualimu kama hujakaa muhula mzima nyuma ya darasa la mtu mwingine, mdomo umefungwa, unamwangalia anavyofanya kazi. Haya. Nimekaa. Kiti cha mtoto wa miaka saba, magoti karibu na kidevu.

Wamenipa darasa la pili, kwa Mwalimu Archuleta. Huyu huyu aliyenifundisha mimi! Nilidhani alishastaafu zamani. Amepungua mwili, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, lakini sauti ni ile ile, ya chini, mpaka darasa zima linainama kumsikia. Nina miaka arobaini na mbili, nimeolewa, nina gari langu. Akaniita "Consuelo" na mgongo ukanyooka wenyewe.

Nusu ya darasa ni ndugu zangu, kama kila kitu hapa bondeni. Isaías, mtoto wa binamu yangu, kaniletea kitabu, akaniita kwa jina langu la nyumbani: Shangazi Chelo, hili neno linasomwaje? Nikafungua mdomo. Mwalimu akanitupia jicho. Nikaufunga.

Jumatano, 8 Februari

Jioni, chuoni. Profesa Whitcomb katukumbusha sheria. Mtazamaji hafundishi. Hasaidii. Haamui ugomvi. Hafungi mtu kamba za viatu. Mtoto akikuuliza chochote, jibu ni moja tu: "Muulize mwalimu wako." Akatutaka tulirudie kwa pamoja, watu wazima, kama kwaya ya kanisani! Nimelirudia.

Kaylene, binti wa miaka kumi na tisa anayekaa karibu nami, kaninong'oneza: "Na mtoto akishika moto je?" Nikacheka kwa sauti. Profesa akasubiri nimalize. Aibu.

Halafu akaeleza sababu. Anasema mtu asiyejifunza kutazama ataishia kufundisha kama alivyofundishwa yeye, mazuri na mabaya yote, bila kujua lipi ni lipi. Nimeandika. Sijaelewa. Nimeandika hata hivyo.

Ijumaa, 10 Februari

Nimezoea. Linanitoka bila kufikiri. Leo jioni mume wangu, Lino, kaniuliza chumvi iko wapi, nikamjibu: "Muulize mwalimu wako." Mume wa watu akabaki ameshika kijiko! Mama alicheka mpaka akapaliwa na maharage.

Jumanne, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Kadi, peremende, makelele. Nimepata kadi tatu, moja haina jina.

Lakini kuna jambo limenikaa kichwani. Isaías alikuwa anasoma kwa sauti, akakwama kwenye neno. Mwalimu Archuleta hakusema kitu. Akatazama dirishani kama mtu anayefikiria theluji itaanguka au haitaanguka. Watoto wakaanza kujinyonganyonga. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi. Na Isaías – akalipata! Akalisoma neno lote, masikio yamekuwa mekundu kwa furaha.

Alijuaje kwamba atalipata? Kwa nini hakumsaidia? Mtoto mwingine wiki iliyopita, alipokwama, alimsaidia mara moja. Huyu aliachwa. Nilitaka kumuuliza lakini kengele ikalia, akatoka kusimamia kina mama waliokuja kuchukua watoto. Nitamuuliza kesho.

Jumatano, 15 Februari

Mwalimu Archuleta kaanguka. Alitoka alfajiri kumwaga majivu ya jiko la kuni, barafu ikamtupa hapo hapo mlangoni. Nyonga imevunjika. Wamempeleka hospitali ya mjini, Santa Fe.

Watoto wamewekewa filamu ya pengwini. Mlinzi wa geti amekaa mezani kwa mwalimu. Nami nikakaa kwangu nyuma kutazama, kama nilivyotumwa. Nimemtazama mlinzi akitazama simu yake. Sasa niandike nini kwa Profesa?

Ijumaa, 17 Februari

Pengwini tena. Mlinzi mwingine.

Isaías hajafungua kitabu tangu Mwalimu aanguke. Kaniuliza Mwalimu atarudi lini. Nikamwambia – siandiki nilichomwambia. Ni lile jibu la kwaya.

Jumanne, 21 Februari

Jana ilikuwa sikukuu, shule imefungwa. Leo nimefika tu, Mkuu wa Shule, Gallegos, kanivuta ofisini.

"Chelo, nakuomba kama ndugu. Chukua darasa la Archuleta. Mpaka Mei."

"Mimi ni mtazamaji tu, Mkuu."

"Basi acha kutazama!"

Anasema kwa masomo niliyokwisha kuyamaliza, sheria ya jimbo inamruhusu kuniweka kama mwalimu wa kujazia. Amepiga simu kila mahali. Hakuna mtu. Walimu hawataki kuja huku kwetu, na waliopo wanakwenda kwenye miji mikubwa. Nikimkatalia, darasa litagawanywa, nusu liende la kwanza, nusu la tatu. Au pengwini mpaka Mei.

Nilifurahi, nisijidanganye. Miaka mitatu nasoma jioni kwa ajili ya nini kama si hili?

Mama: "Umepewa darasa, sasa unazubaa nini? Unangoja malaika ashuke na tarumbeta?"

Lino: "Fanya utakalo, mke wangu." Huyu mwanamume, siku nikimtaka aseme kitu, hasemi!

Jumatano, 22 Februari

Jumatano ya Majivu. Nilitoka kanisani moja kwa moja hadi chuoni, msalaba wa majivu usoni. Profesa Whitcomb akautazama, akaona haya, akatazama meza.

Nikamwuliza: nikichukua darasa, mazoezi yangu yatahesabiwa?

"Hapana."

"Lakini nitakuwa darasani kila siku, kutwa nzima! Wenzangu wanakwenda asubuhi tatu tu kwa wiki."

"Utakuwa unafundisha. Hili ni somo la kutazama. Utamtazama nani?"

Nikasema nitajitazama mwenyewe.

"Huwezi kujitazama mwenyewe, Consuelo."

Akanipangia mambo vizuri, kwa upole, jambo ambalo lilinikera zaidi. Anaweza kunihamishia shule nyingine, kwa mwalimu mwingine, asubuhi hizo hizo. Nikikubali, muhula unaendelea, na Agosti naingia chuo kikuu. Nikichukua darasa la Archuleta, somo hili limekufa, na halifundishwi tena mpaka mwaka ujao. Nafasi yangu ya Agosti inakwenda kwa mwingine. Anataka jibu Ijumaa ya tarehe tatu Machi.

"Kwa hiyo nimefaa kufundisha ila sijafaa kutazama?"

"Hapana. Umefaa kutazama. Kufundisha bado."

"Mkuu wa Shule anasema nimefaa."

"Mkuu wa Shule ana chumba kisicho na mtu," akasema.

Kaylene alikuwa ananingoja koridoni. Yeye kwake ni rahisi: chukua, si ndicho tunachokisomea? Nilipanda gari, nikakaa tu, sikuwasha. Wote wana haki. Itawezekanaje wote wawe na haki?

Alhamisi, 23 Februari

Nimekwenda hospitali. Niliamua kumwachia Mwalimu Archuleta anikatie shauri, yeye ni mwenye darasa. Nilijua atasema nini. Nilikuwa hata nimeandaa machozi yangu.

"Mwalimu, wamenipa darasa lako."

"Najua. Gallegos kanipigia. Usilichukue."

Nikadhani ni dawa zinazungumza. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unajua nilivyoanza mimi? Mwalimu aliyekuwepo alihama katikati ya mwaka. Wakaja kunitoa posta, nilikuwa nauza stempu. Wiki mbili tu, Bernadita, utuokoe, wakaniambia. Nilifundisha miaka mitatu kwa vibali vya kuungaunga kabla sijakanyaga chuo. Miaka mitatu! Nilijifunzia kazi juu ya vichwa vya watoto wa watu. Mpaka leo nikikutana nao dukani nageuza kigari changu cha bidhaa niwakwepe."

"Watoto gani hao?"

"Si ninyi, binti yangu? Wewe mwenyewe."

Nikasema haiwezekani. Ile ilikuwa miaka mizuri kuliko yote! Alikuwa ananiacha nifute ubao. Sweta lake lilinukia kuni.

"Ulikuwa unauliza kwa nini tunakopa kumi kwa jirani," akasema. "Tukitoa. Kila siku: kwa nini, Mwalimu, kwa nini? Mimi sikujua kwa nini, nilikuwa nimekariri. Nikachoka na wewe. Nikakuambia mbele ya wenzako kwamba hesabu si zako, uache maswali ukariri. Hukumbuki?"

Sikumbuki! Nimekaa pale nikichimba kichwani, hakuna kitu. Lakini kwamba hesabu si zangu – hilo nimelijua siku zote, kama ninavyojua jina la ukoo wangu, Maestas. Nilidhani nilizaliwa nalo. Kumbe nilipewa. Na nani? Na mtu ninayempenda kuliko walimu wote.

Nilikasirika, nikasimama. Halafu nikaona mto umemteleza, nikamrekebishia. Akanishika mkono. Sikujua nifanye nini na mkono wangu.

"Na watoto je?" nikamuuliza. "Waendelee na pengwini?"

Akafumba macho. "Hilo ndilo walilonijibu mimi pia," akasema.

Nilisahau kumuuliza kuhusu Isaías na lile neno.

Ijumaa, 24 Februari

Ijumaa ya Kwaresima, hakuna nyama. Mama kapika mayai kwenye mchuzi wa pilipili nyekundu, chakula ninachokililia mwaka mzima, na leo nimekiacha mezani.

Nimempigia Gallegos. Nimesema wiki moja. Mpaka Ijumaa ijayo, basi. Akashukuru kama nimesema mpaka Mei. Baadaye nimempigia Profesa, nimemwambia ukweli. Nikamsikia akifunua kalenda. Kisha: "Wiki moja. Haya. Nasubiri jibu lako siku ile ile." Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Jumatatu, 27 Februari

Nimesimama mbele. Kutoka mbele chumba ni kirefu! Nyuso zote zinakuelekea wewe, hakuna wa kumpitishia swali.

Asubuhi ilikwenda. Nilisoma majina, tukaimba, nikagawa karatasi. Nikajisemea, mbona kumbe rahisi. Halafu Isaías akainua mkono. Anauliza: kwenye zoezi hili tunaanzia juu au chini?

Nikamjibu: "Muulize mwalimu wako."

Ee Mungu wangu! Lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya kwaya. Na yeye, mtoto mtiifu, akageuka. Akatazama mlangoni. Akatazama nyuma kwenye kona. Akatazama hata chini ya meza kubwa. Wenzake nao wakaanza kutafuta.

"Yuko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Wangecheka ningecheka nao. Walikuwa wanangoja niwaambie kweli, na mimi nilikuwa sijui. Nikasema anzieni juu. Kumbe ilikuwa chini.

Jumanne, 28 Februari

Sauti imekauka. Viatu vinaniua.

Leo nilijaribu ule ujanja wa Mwalimu Archuleta. Binti mmoja, Nayeli, kakwama kwenye neno, nami nikanyamaza, nikatazama dirishani, nikangoja alipate. Akaanza kulia. Kalia mpaka kamasi! Kumbe kuna kunyamaza na kunyamaza, na mimi nilitazama moja tu, mara moja, halafu mwalimu akaanguka. Nikimfuata Profesa, hili nitalijua kufikia Mei. Nikimfuata Profesa, Nayeli mpaka Mei yuko na pengwini.

Nimemwambia Lino nimemliza mtoto. Kasema kila mtu huliza mtoto. Nikamwambia si kila mtu analipwa kwa kazi hiyo. Akaenda kukata kuni.

Alhamisi, 2 Machi

Jana na leo, afadhali kidogo. Isaías amefungua kitabu. Hakuniletea, kasoma peke yake kwenye zulia, midomo inacheza. Nimejizuia nisiende.

Gallegos kapita mlangoni. Kama naondoka, Jumatatu darasa linavunjwa. Tayari ameshapanga nani aende wapi. Isaías atarudishwa la kwanza, akae na mdogo wake. "Si adhabu," akasema, "ni nafasi tu." Mweleze hivyo mtoto wa miaka saba.

Mama usiku huu kaanza tena: mwaka mmoja ni nini, umesubiri mingi. Nikamrukia. Nikamwambia mwaka mmoja ni kitu kikubwa kwa mtu wa umri wangu, na kwamba yeye hakuona kitu Archuleta aliponiambia hesabu si zangu, alikuwa wapi? Mama akaacha kukunja nguo.

"Nilijua," akasema. "Ulirudi nyumbani ukaniambia. Nikakuambia Mwalimu hawezi kukosea."

Nimekuja kulala. Silali.

Ijumaa, 3 Machi

Naandika mchana, watoto wako kwenye chakula. Nina muda mfupi. Profesa atanipigia sasa hivi, ndivyo tulivyokubaliana. Asubuhi nilikuja nimekwisha kuamua. Niliamua kuondoka! Naam. Kwa sababu ya Nayeli, kwa sababu ya Archuleta, nisije nikawa nageuza kigari dukani mpaka uzeeni. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

Halafu, tumeanza tu hesabu, mlango ukagongwa. Binti mmoja, mgeni, koti la theluji, kalamu mkononi tayari.

"Samahani, Mwalimu. Nimetoka chuoni. Nimekuja kutazama."

"Umepotea, mwanangu. Mwalimu wa hapa yuko hospitali."

"Si wewe Mwalimu Maestas?"

"Nani kakutuma?"

"Profesa Whitcomb. Kasema asubuhi ya leo tu, nije nikutazame wewe."

Mwanamke aliyeniambia sijafaa! Ananichunguza? Ananidhihaki? Au alikosa pa kumpeleka, na yeye pia ana mtu asiye na chumba? Binti anaitwa Yvette. Nikamwonyesha nyuma. Akakaa, akafunga mdomo vizuri sana.

Nikageukia ubao. Hamsini na mbili, toa ishirini na saba. Mbili haitoshi kutoa saba, tunakopa kumi kwa jirani, kumi na mbili toa saba, tano. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano!

"Hapana," kasema Nayeli. Nayeli!

"Kwa nini hapana?"

"Sijui. Ila hapana."

Nikaangalia. Kweli hapana. Nimemkopa jirani na sikumpunguzia. Kule nyuma kalamu inakwenda, naisikia. Na mdomoni nilikuwa nalo jibu, lile la siku zote, limekwisha kufika kwenye meno: Nayeli, kama hujui, basi kariri.

Sikulisema. Sijui kwa nini. Nilichukua penseli zao, tukazifunga kumi kumi kwa mipira ya kufungia. Mafungu matano na mbili pembeni. Nikamwambia Nayeli anitolee saba. Akatazama zile mbili. Akatazama mafungu. Akasema, lazima nifungue moja. Akalifungua, penseli zikamwagika sakafuni, na Isaías akapiga kelele: "Sasa mafungu ni manne! Si matano tena, ni manne!"

Na mimi nikaona. Mimi! Somo la hesabu za walimu nililifaulu chuoni, maelezo yote niliyakariri neno kwa neno, na leo ndiyo nimeona fungu likifunguka. Nilitaka kukaa chini sakafuni nilie. Nilikaa chini sakafuni, nikaokota penseli nao.

Sasa wamekwenda kula. Yvette hajakwenda. Anakula burito yake ya chapati na maharage pale pale nyuma. Ameniuliza sasa hivi: lile kosa la ubaoni, nilifanya makusudi?

Ningeweza kusema ndiyo. Angeniamini, angekwenda kumwambia Profesa.

"Hapana," nimemwambia. "Nilikosea."

Akaandika. Kisha: "Sasa zile penseli, Mwalimu, ulijuaje kwamba ndilo la kufanya?"

"Sikujua."

Hilo pia ameliandika! Nimemwambia angoje, asiandike, nifikiri kwanza, si hivyo kabisa, kuna kitu nilikijua ila sijui nilikijua tangu lini. Nimechanganyikiwa vibaya. Jumatatu huyu Isaías yuko la kwanza, au yuko hapa na mtu anayekosea kutoa.

Simu inaita. Ni Profesa. Maneno niliyoyapanga ya kuondoka yote yamekimbia. Inaita tena. Yvette ameacha kutafuna, kalamu juu, anatazama nitafanya nini –